Mmarekani wa Wirrabeen

Muzza Pascoe ameuawa mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Amepigwa risasi Texas, amenyongwa Chicago, amesukumwa kutoka ghorofani New York, na safari moja aliliwa na mamba, ingawa mamba huyo alikuwa wa mpira na alikwama kabla hajamfikia kiunoni. Katika vifo vyote hivyo hakufa hata kimoja akiwa Mwaustralia. Hilo ndilo lililomuudhi mama yake.

Mimi namjua kupitia kwa huyo mama, Bi Enid, ambaye namhudumia kwenye nyumba ya wazee hapa Wirrabeen, mji mdogo wa mashambani Australia. Jina langu ni Rehema, lakini hapa mtu akitembea na jina lake zima huonekana anajisikia, kwa hiyo mimi ni Remmo, kama yeye Murray alivyo Muzza. Nimekaa huku muda mrefu sana. Nikienda Tanga kusalimia, wadogo zangu hunicheka ninavyomimina maziwa baridi kwenye chai.

Muzza alizaliwa shambani, nyuma ya maghala ya ngano, mtoto wa pili wa Alf Pascoe. Marehemu Alf alilima ngano na kufuga kondoo, na alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa bila kufungua mdomo. Wanaume wote wa huku huongea hivyo. Wenyewe husingizia nzi: kiangazi ukifungua mdomo, umeshakula. Basi maneno hupita puani na pembeni mwa midomo, nusu yake humezwa, na mwishoni sauti hupanda juu kidogo, kana kwamba msemaji anauliza kama anaruhusiwa kuendelea. Mimi ilinichukua mwaka mzima kujua wanaponisalimia na wanaposafisha koo.

Mtoto huyo alikuwa na kipaji cha kuiga. Alimwiga dalali wa mnada wa kondoo, alimwiga kasisi, alimwiga mwalimu mkuu mpaka wenzake wakasimama wima. Nyumbani alimwiga baba yake mezani, na Bi Enid alicheka hadi akaacha keki ikaungua. Alf alisema, "Acha upuuzi," lakini kwa kuwa alisema bila kufungua mdomo, hakuna aliyeweza kuapa kwamba kweli alisema.

Alipokua akaenda Melbourne, chuo cha uigizaji, na kitu cha kwanza walichomfundisha kilikuwa kufungua mdomo. Aliporudi likizo na mdomo umefunguka, watu walimwangalia kwa huruma, kama mtu aliyetoka kung'olewa meno. Akaigiza vipande vidogo vidogo kwenye tamthilia za televisheni, kisha akavuka bahari hadi Los Angeles. Huko wakala wake alimwambia kwamba kwa ulimi ule aliokuja nao angepata kazi ya mlevi wa baa, na baada ya hapo kazi ya mlevi mwingine wa baa. Muzza akaufungia ulimi wake sandukuni. Aliongea Kimarekani dukani, kwenye simu, akiumwa meno, akiwa usingizini. Alioa msichana wa Ohio, na inasemekana msichana huyo aligundua kuwa kaolewa na mgeni siku mama mkwe alipopiga simu. Ndoa haikudumu. Kimarekani kilidumu.

Usidhani alikuwa nyota. Alikuwa yule mtu unayemwona kwenye filamu ukasema, "Huyu nimeshamwona mahali," na kabla hujakumbuka ameshapigwa risasi. Lakini aliishi kwa kazi hiyo miaka na miaka, jambo ambalo waigizaji wengi wenye sura nzuri kuliko yeye hawakuliweza. Mimi namheshimu kwa hilo, na nalisema hapa kwa sababu Wirrabeen hakuna atakayelisema.

Maana watu wa huku mtu wao akifanikiwa huona ni wajibu wao kumsaidia asijisahau. Kila alipokuja nyumbani, alikuta wamemngoja baa.

"Muzza! Nilikuona juzi kwenye televisheni," angesema mmoja.

"Eh, ulionaje?"

"Ulikufa vizuri sana, ndugu yangu. Ila ungekufa mapema kidogo ningewahi kulala."

Na kaka yake Ross, aliyebaki shambani na kurithi kondoo, madeni ya miaka ya ukame na mdomo uliofungwa wa baba yao, angeita kutoka kwenye kona, "Mpeni bia Mmarekani wetu. Na mrija pia, asije akachafua meno." Wote wangecheka, Muzza naye angecheka, na hapo ndipo ujue amependwa. Huku wakikuheshimu, anza kuogopa.

Bi Enid peke yake ndiye hakutania. Macho yake yameisha. Anaona mwanga wa dirisha tu. Kwa hiyo mwanawe, akiwa ndani ya televisheni, kwake ni sauti tupu. Nilikuwa namkalisha kwenye kiti chake, namwekea chai, tunangoja.

"Remmo, yupi ni wangu?"

"Huyu anayeongea sasa hivi, Bi Enid."

"Huyu?" Angesikiliza kidogo, midomo imebana. "Huyu ni Mmarekani. Mimi sikuzaa Mmarekani. Ningezaa Mmarekani ningejua, wangekuwepo watu wa kunieleza."

Siku moja Muzza mwenyewe alikuwepo, amekaa kitandani kwake akila biskuti zake, na bibi akamwambia waziwazi: "Murray, mimi nimebakiza kidogo. Kabla sijaondoka nataka nikusikie humo ndani ukiongea kama mtu wa kwetu. Mara moja tu. Baada ya hapo hata wakupige mabomu, shauri yao."

"Sawa, Mama," akajibu. Kwa Kimarekani.

Wakati huo alikuwa ameshafikisha umri ambao Hollywood husahau namba yako ya simu, na alikuwa amerudi moja kwa moja, anaishi chumba cha nyuma kwa Ross. Ndipo ikaja habari kwamba filamu itapigwa hapa hapa wilayani kwetu. Ni hadithi ya mkulima mzee anayekataa kuiuzia kampuni ya Marekani shamba lake. Mwongozaji alikuwa dada mmoja kutoka Melbourne, Saskia, mwenye mabuti ya shambani masafi kuliko sahani zetu, na alikuwa anamtafuta mkulima huyo. Mtu wa miaka sitini na kitu, mkavu, aliyechomwa na jua. Muzza akalitaka lile jambo mpaka akakimbia kumwambia mama yake. Jioni hiyo hiyo Bi Enid alikuwa ameshautangazia ukumbi wote wa chakula kwamba mwanawe ndiye mkulima.

Tatizo ni kwamba alipofungua sanduku, ulimi haukuwemo. Ross akajitolea kumfundisha, na mimi nilikuwepo siku hiyo nimepeleka nguo za mama yao.

"Haya, sema: kondoo wamevunja uzio," Ross akasema, amekalia geti.

Muzza akasema.

"Unamuuzia nani bima?"

Akasema tena.

"Bora ile ya bima. Bwana wee, funga mdomo! Unaongea meno yote yako nje, kwani leo kuna harusi?"

Wakajaribu kwa Nugget, mbwa wa kuchungia kondoo. Muzza akamwamuru azunguke kundi. Nugget akakaa chini, akageuza kichwa, akamtazama Ross kama anayeomba mkalimani. Ross alicheka mpaka akashuka getini. Muzza hakucheka. Alijaribu wiki nzima, na kadiri alivyojitahidi kuwa Mwaustralia ndivyo alivyozidi kuwa Mmarekani anayejitahidi kuwa Mwaustralia.

Usaili ulifanyika kwenye ukumbi wa mji. Saskia alikaa mezani, na kwenye kompyuta iliyo pembeni yake alikuwepo mtayarishaji kutoka Los Angeles, mwenye filamu yake, uso umejaa kioo chote. Sisi wengine tulikuwa nyuma, tumejifanya tunapanga viti. Muzza akasoma kipande chake, na kwa macho ulimwona mkulima mwenyewe, mabega, mikono, kila kitu. Kwa masikio ilikuwa habari nyingine.

"Vizuri sana, Murray," Saskia akasema. "Sasa, unaweza kuitoa hiyo lafudhi?"

"Lafudhi ipi?"

"Ya Kimarekani."

"Dada, mimi nimezaliwa pale nyuma ya maghala."

"Najua. Ndiyo maana naona aibu kukuuliza."

Bado angeweza kuokoka, maana yule mtayarishaji alikuwa amempenda. Akainama mpaka pua ikajaa kompyuta, akauliza, "Bwana Pascoe, niambie kitu kimoja tu. Wewe ndiye mtu wa kazi hii?"

Sasa, hapa Wirrabeen swali hilo lina jibu moja. Ukijibu vingine, unanunua mkate mji wa jirani maisha yako yote. Muzza akajikuna shingo, akaangalia viatu, akasema, "Aa, sijui. Nadhani mtapata watu wazuri zaidi."

Ukumbi mzima tulielewa: alikuwa amesema yuko tayari kufa kwa ajili ya kazi ile. Mtayarishaji naye alielewa alichokisikia. Akamshukuru kwa ukweli wake, akaanza kutafuta watu wazuri zaidi.

Niliumia, jamani. Kwetu Tanga mtu akiulizwa hivyo angejisifu yeye, angemsifu babu yake, na kabla hajamaliza angeshaomba na nauli. Huyu alikuwa na ulimi wa Marekani na adabu ya Wirrabeen, na kama vingekuwa kinyume asingekosa kitu. Ross alimpeleka baa, akakaa naye bila kumtania hata neno moja, na hapo ndipo Muzza alipojua kuwa mambo ni mabaya.

Aliyepatikana aliitwa Brent Kallow, Mmarekani, nyota wa kweli kweli, na walimzeesha kwa rangi na nywele za bandia. Lakini hakujua hata salamu moja ya huku. Saskia akarudi kwa Muzza, masikio mekundu. Alikuwa na maombi mawili. Kwanza, amfundishe Brent kuongea kama mtu wa Wirrabeen. Pili, bado hajampata mtu wa kuigiza yule Mmarekani anayekuja kununua shamba, na kwa kweli wameshamsikia, na kwa kweli hakuna Mmarekani kama yeye.

Ross alipoelezwa ilibidi ashike uzio. "Ngoja nielewe. Mmarekani atakuwa wewe. Wewe utakuwa Mmarekani. Halafu utamfundisha Mmarekani awe wewe?"

"Ndiyo."

"Basi mimi niwe kondoo. Mwambieni huyo dada niko huru."

Muzza alitaka kukataa. Alinifuata jikoni kwenye nyumba ya wazee, akasimama karibu na sinki akinipokonya vikombe ambavyo nimeshavisuuza. "Remmo, nimwambie Mama?"

"Mwambie leo. Kila siku inayopita inakuwa ngumu."

Akaenda. Nikahesabu amemaliza, nikapeleka chai. Nilimkuta Bi Enid amemshika mkono kwa mikono yake miwili. Alikuwa anamweleza kwamba daktari amepita, na kwamba amemwambia daktari asubiri kidogo, kwa sababu mwanawe ni mkulima kwenye filamu. Muzza alinitazama juu ya kichwa cha mama yake. Alitoka chumbani hajamwambia, na jioni akampigia Saskia akakubali yote mawili.

Namna alivyofundisha sijaiona mahali pengine. Hakutumia kitabu wala mashine. Ilikuwa mwezi wa pili, joto la kuungua, na alimsimamisha Brent katikati ya zizi la kondoo bila wavu wa uso, akamwambia, "Ongea."

Brent akafungua mdomo, akala nzi. Akakohoa, akatema, akafungua tena, akala mwingine.

"Endelea," Muzza akasema. "Utajifunza mwenyewe."

Na alijifunza. Kabla wiki haijaisha alikuwa anaongea upande upande, midomo imekaribiana, sauti inatokea puani. Ningefurahi kumchukia, ila alikuwa mtu mwema. Alinibebea mizigo, alimwita Ross "bwana mkubwa", na kila kosa lake aliliombea radhi mpaka kondoo wakachoka kumsikia. Muzza alikuwa hawezi kuitoa sauti ile yeye mwenyewe, lakini aliisikia ikipotea hata kwa neno moja. "Hapana. Meza zaidi. Usimalizie neno, sisi hatumalizii."

Halafu akaanza kumpa vitu ambavyo havikuwa lafudhi. Alimpa ile pumzi ndogo ya puani ambayo Alf aliivuta kabla ya kukubali jambo. Alimpa kicheko cha familia, kinachoanza na kukatika kama gari lisilotaka kuwaka. Alimpa namna alivyokuwa akiita "Mama" utotoni, akitokea nje na njaa, herufi ya mwisho imebaki mlangoni. Mimi nilikuwa nimekaa na Ross, nikashindwa kunyamaza.

"Muzza, mbona unampa kila kitu?"

"Mimi mwenyewe sikitumii," akasema.

Siku Brent alipompa Nugget amri na Nugget akaondoka mbio, akalizunguka kundi lote na kulileta getini, Ross alifungua bia. Muzza alimpongeza Brent, akampiga begani, kisha akaenda kuangalia kama geti la mbali limefungwa. Lilikuwa limefungwa. Alikaa huko muda mrefu akiliangalia.

Filamu ilipokamilika, Saskia alitimiza ahadi yake ya kuionyesha kwanza kwenye ukumbi wetu. Kina mama walileta sandwichi na keki za nazi, wanaume walivaa mashati yenye mikunjo ya dukani. Brent hakuweza kuja. Bi Enid nilimvisha sweta la bluu na mkufu wake wa ndoa, nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi mstari wa mbele. Muzza akakaa kushoto kwake, mimi kulia, Ross nyuma yetu. Mji wote ulijua nani ni nani kwenye ile filamu. Mtu mmoja tu ndiye hakujua.

Taa zikazimwa. Mkulima akatokea getini alfajiri, akamwita mbwa wake, akacheka kile kicheko kinachokatika. Bi Enid alinishika mkono mpaka pete yake ikaniuma.

"Ndiye," akasema, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. "Ndiye kabisa. Mnamsikia? Huyo sasa ndiye niliyemzaa."

Kisha gari jeusi likaingia shambani, akashuka mnunuzi na suti yake, akaanza kuongea. Huyo alikuwa Muzza. Na niseme tu, alikuwa hodari. Kazi zake zote nimeziona, hakuna aliyoifanya vizuri kama ile. Alimfanya yule mnunuzi achukize, halafu taratibu akakufanya umwonee huruma, bila kuomba huruma yako.

"Na huyu Mmarekani katokea wapi?" Bi Enid akauliza. "Ananikera. Kwani hawana mtu wa kumpiga risasi?"

Mimi ninawajua watu hawa. Ni watu waliotania kwenye mazishi ya baba zao. Zawadi ya utani kama ile hawakuwahi kupewa maishani mwao, imewekwa mkononi, imefunguliwa tayari. Nikangoja. Yule mtani wa baa alifungua mdomo, mke wake akamfinya paja, akaufunga. Nyuma yangu nilimsikia Ross akivuta pumzi ya puani, basi.

Filamu ikaenda. Ikafika pale mkulima anaposimama peke yake jikoni, jioni, shamba limeshaponyoka, anampigia simu mama yake mjini na hajui aanzie wapi. Anasema "Mama" tu, na herufi ya mwisho haitoki. Machozi yalimtiririka Bi Enid na hakuyafuta. Alikuwa ameinama mbele, uso wote umekuwa sikio.

Muzza alishindwa kujizuia. Nilimwona akiinama, mdomo karibu na nywele zake nyeupe. "Mama," akanong'ona. "Sikiliza, nataka kukwambia kitu."

Bi Enid alipapasa gizani mpaka akaupata mdomo wake, akauziba kwa kiganja.

"Nyamaza, Murray," akasema. "Nakusikiliza."